Waliua Vijana, Wakauacha Ushuru

Kila genge jipya linapozuka Nairobi, Mombasa au Nakuru, sauti ile ile husikika redioni, katika mabaraza ya machifu na kwenye mikutano ya hadhara: fanyeni kama mlivyoifanyia Mungiki. Wanaosema hivyo wanaamini mambo mawili. La kwanza, kwamba Mungiki ilikuwa dhehebu la vijana waliopotoshwa na mila za kale, viapo, ugoro na nywele za rasta. La pili, kwamba kundi hilo lilikwisha siku serikali ilipoacha maneno ikashika bunduki. Kauli hizi zimerudiwa hadi zikachukuliwa kuwa ndiyo historia yenyewe. Nazipinga zote mbili, kwa sababu vijana wa mitaa ya mabanda wanaendelea kuzikwa kwa jina la somo ambalo historia haikutufundisha.

Nianze na lile ambalo halina ubishi. Mungiki iliua, na iliua kikatili. Usiku wa tarehe 3 Machi 2002, huko Kariobangi Kaskazini, watu zaidi ya 20 walikatwakatwa kwa mapanga katika ugomvi wa Mungiki na kundi lililojiita Taliban. Mwaka 2007 vichwa vya watu vilikutwa kando ya njia katika Murang'a na Kiambu. Wanawake walivuliwa nguo hadharani kwa kosa la kuvaa suruali. Januari 2008, katika ghasia za Naivasha ambazo kundi hilo lilihusishwa nazo, watu 19 waliteketezwa ndani ya nyumba moja, na wanaume wa Kiluo wakatahiriwa kwa nguvu barabarani. Atakayetaka kuyafuta haya hatapata msaada wangu. Lakini kuuchukia uhalifu hakumfunulii mtu chanzo chake, na serikali iliyochagua dawa kabla ya kuujua ugonjwa imeua wengi bila kuponya kitu.

Chanzo kiko mashambani, mbali na mitaa ya mabanda kama Mathare. Mungiki ilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 katika Laikipia na maeneo ya jirani ya Bonde la Ufa, ikiongozwa na vijana kama Maina Njenga na Ndura Waruinge, na baadhi ya wafuasi wake wa mwanzo walitoka katika dhehebu la Ngonya wa Gakonya, Hema la Mungu Aliye Hai. Wakati ule kilikuwa kikundi cha sala chenye watu wachache. Kilichokikuza ni moto wa mwaka 1991 hadi 1993, pale nyumba za wahamiaji zilipochomwa Molo, Olenguruone, Burnt Forest na kwingineko ili ramani ya kura za vyama vingi ibadilike. Watetezi wa haki za binadamu walikadiria kwamba watu wapatao 1,500 walikufa na 300,000 wakafukuzwa makwao. Oktoba 1993 ilikuwa zamu ya Enoosupukia, katika Narok. Waliofurushwa huko walipiga kambi Maela, karibu na Naivasha, na Desemba 1994 serikali ile ile iliyoshindwa kuwalinda ikaja kuivunja kambi na kuwapakia watu kwenye malori usiku.

Mtoto aliyekuwa na miaka kumi Maela alikuwa kijana wa miaka kumi na minane mwaka 2002. Shamba la baba yake lilikuwa la mtu mwingine, shule ilikuwa imekatika, na mji aliouendea ulikuwa umeshafunga milango. Miaka ya 1990 ndiyo miaka ambayo wafanyakazi wa serikali na mashirika ya umma walipunguzwa kwa maelfu kwa masharti ya wakopeshaji, na karo na ada za hospitali zikawa mzigo wa mwananchi. Kijana huyo alifika Dandora, Huruma, Kayole au Githurai, na mtu wa kwanza kumuuliza jina lake na jina la babu yake alikuwa Mungiki. Walimpa ndugu, wakampa maelezo ya kwa nini alipoteza kila kitu, kisha wakampa kazi. Maelezo yale yalitumia lugha ya Mau Mau na ya wazee, lakini shida yenyewe ilikuwa ardhi iliyoporwa juzi, na walioipora walijulikana kwa majina.

Kama mila ndiyo iliyokuwa mzizi, basi mti ungenyauka mila ilipotupwa. Haikuwa hivyo. Mwaka 2000 baadhi ya viongozi wakuu wa Mungiki walitangaza kusilimu, na Waruinge akachukua jina la Ibrahim. Oktoba 2009 Njenga, muda mfupi baada ya kuachiwa kutoka gerezani, alitangaza kuokoka katika kanisa la Askofu Margaret Wanjiru jijini Nairobi. Katika miaka yote hiyo viongozi walibadilisha dini, na mkusanyaji wa pesa wa kundi aliendelea kusimama mlangoni mwa matatu asubuhi na mapema.

Wanaoisingizia damu ya Kikuyu au viapo vyake waitazame Taliban ya Mathare na Kariobangi. Wengi wa vijana wake walikuwa Waluo. Hawakula kiapo cha mlima wowote wala hawakuvuta ugoro kwa kuwaenzi mababu. Hata hivyo walitoza watu wale wale, kwa huduma zile zile, kwa vitisho vile vile. Baghdad Boys walikuwa Kisumu, Chinkororo wakawa Kisii, Kaya Bombo wakawa Pwani. Kenya nzima ilikuwa na makundi ya vijana wakati huo, kila moja likivaa vazi la kwao. Anayeona vazi la kundi moja tu ameshachagua kabila la kulilaumu.

Tuje sasa kwenye steji, yaani kituo cha matatu, kwa maana hapo ndipo ilipo historia ambayo wapenda risasi hawaisimulii.

Ushuru wa steji ni mzee kuliko Mungiki. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni za usafiri zilizokuwa zikidaiwa mabasi. Zilimiminika. Mji uliokuwa na kampuni moja kubwa ya mabasi ukapata maelfu ya magari ya watu binafsi, na baraza la jiji halikujenga vituo vya kutosha wala halikuweka utaratibu wa nani apakie wapi, lini, na kwa ada gani. Wenye matatu walijaribu kujipanga kwa chama chao wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 chama hicho kilifutwa na serikali ya Moi, iliyohofia nguvu yake. Nafasi iliyoachwa wazi ikachukuliwa na vijana wa KANU, wale wa kofia na beji, ambao walisimama vituoni na kudai pesa kwa kila gari. Hakuna aliyewaita genge, kwa sababu walikuwa watu wa chama tawala.

Vyama vingi viliporudi na nguvu za KANU zikapungua mjini, vijana hao walififia lakini ada haikufifia. Makundi ya manamba yaliirithi, na lililojulikana zaidi liliitwa Kamjesh. Mungiki ilipoingia kwenye ruti za Nairobi kwa kishindo mwaka 2001, ilijitangaza kuwa mkombozi wa wenye magari: itawaondoa wanyang'anyi na kurudisha nidhamu. Baadhi ya wenye magari waliikaribisha kwa moyo mweupe. Mwishoni mwa mwaka huo mapigano ya ruti ya Dandora yakaua watu. Mungiki ilishinda ruti kadhaa, na walioipokea wakagundua kwamba walikuwa wamebadilisha mtoza ushuru tu.

Mfumo wenyewe ulikuwa rahisi kuuelewa. Gari jipya lililotaka kuingia ruti lililipa ada ya kujiunga. Baada ya hapo lililipa kila siku, na penginepo kwa kila safari lilipojaza abiria. Makanga alizitoa pesa hizo kabla ya kuhesabu mafuta na kabla ya kumpelekea tajiri hesabu yake, na upungufu ulifidiwa na nauli. Kwa hiyo mlipaji halisi alikuwa mama aliyetoka Kayole kwenda kufua nguo za watu Buruburu. Mitaani nako mambo yalikuwa hivyo hivyo. Huko Mathare kaya zililipia ulinzi wa usiku. Waliounganishiwa umeme wa wizi walilipa, waliochota maji walilipa, waliotumia choo walilipa, na mtu aliyetaka kujenga chumba alilipa kabla ya kusimamisha nguzo ya kwanza. Wapika chang'aa walilipa. Mungiki ilipowadai zaidi, Novemba 2006, wakageukia Taliban, na vita vya siku kadhaa vikaua watu na kuwatimua maelfu kutoka Mathare.

Tazama orodha hiyo tena: ulinzi, maji, umeme, vyoo, vibali vya kujenga, vituo vya usafiri. Hizo ni kazi za serikali na baraza la jiji, tena zimeandikwa kwenye sheria. Mkazi wa Mathare hakupewa hata moja kati yake na wale aliowachagua, na kila aliyemletea alimletea kwa bei na kwa panga. Ndiyo maana nasema Mungiki, kabla ya kuwa jambo lingine lolote, ilikuwa ofisi ya ushuru katika sehemu ambazo dola ilikuwa imezisusa. Ofisi ya aina hiyo haifungwi kwa kumuua karani wake. Karani mwingine anaajiriwa kesho yake, mara nyingi mdogo wa yule aliyeuawa.

Wapo watakaosema kwamba mitaa ile haitawaliki. Uongo. Tarehe 1 Februari 2004, kwa amri za waziri John Michuki, kila matatu ya Kenya ilitakiwa kuwa na mikanda ya usalama, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni, na dereva na makanga waliovaa sare na kubeba cheti cha mwenendo mwema. Wenye magari walilia, magari yakaegeshwa siku kadhaa, kisha yakarudi barabarani yamefungwa mikanda. Abiria waliozoea kuning'inia mlangoni wakaketi. Serikali iliyoweza kumfunga mkanda kila abiria nchini ingeweza kutangaza ada ya steji, kuipokea kwa risiti na kuipeleka kwenye choo na taa za kituo. Haikufanya. Steji iliachwa kama ilivyokuwa, kwa sababu pesa zake zilikuwa zikipanda juu, na kwa sababu vijana waliozikusanya walikuwa na kazi nyingine kila baada ya miaka mitano.

Kazi hiyo nyingine ndiyo aibu kubwa kuliko zote. Juni 1999 Mchungaji Timothy Njoya alipigwa mbele ya Bunge, mchana, na kundi lililoitwa Jeshi la Mzee, alipokuwa akidai katiba mpya. Machi 2002, baada ya damu ya Kariobangi, serikali ilipiga marufuku makundi 18, Mungiki na Jeshi la Mzee yakiwemo. Agosti ya mwaka huo huo wafuasi wa Mungiki waliandamana katikati ya Nairobi na silaha mikononi, wakimuunga mkono mgombea wa KANU, huku polisi wakitazama. Marufuku ilikuwa na miezi mitano tu.

Baada ya uchaguzi wa 2007, tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika ghasia, na ikaandika habari za Mungiki kutumiwa katika mashambulizi ya kulipiza kisasi Naivasha na Nakuru. Madai kwamba wakubwa serikalini walilitumia kundi hilo yalifika hadi Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague. Francis Muthaura na Uhuru Kenyatta waliyakana. Mashtaka ya wa kwanza yaliondolewa Machi 2013, na ya wa pili Desemba 2014, mwendesha mashtaka akisema hana ushahidi wa kutosha. Kisheria hawana hatia, na sina haki ya kusema vinginevyo. Lakini zile maiti za Naivasha zilikuwepo, mapanga yalinunuliwa, malori yaliyobeba vijana yalitiwa mafuta, na hadi leo hakuna mkubwa hata mmoja aliyehukumiwa kwa kuvilipia.

Risasi, kwa upande wake, haikukawia. Juni 2007, baada ya polisi wawili kuuawa Mathare, operesheni ya siku chache iliacha watu zaidi ya 30 wamekufa na nyumba zimevunjwa. Miezi iliyofuata, maiti za vijana zilianza kuokotwa msituni Ngong na kujaza chumba cha maiti cha jiji. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu takriban watu 500 na kuwataja polisi kuwa wahusika. Polisi walikana. Dereva mmoja wa polisi aliyetoa ushahidi kuhusu kikosi kilichojulikana kama Kwekwe alipigwa risasi akafa Oktoba 2008. Februari 2009 Philip Alston, mchunguzi wa Umoja wa Mataifa, alikuja, akasikiliza, na kutangaza kwamba vikosi vya mauaji vipo ndani ya polisi. Tarehe 5 Machi 2009 Oscar Kamau Kingara na John Paul Oulu, waliokuwa wamempa Alston taarifa za mauaji hayo, waliuawa ndani ya gari lao karibu na mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Siku hiyo hiyo msemaji wa serikali alikuwa amelituhumu shirika lao la kutetea haki hadharani kuwa ni mfereji wa pesa za Mungiki.

Je, hiyo ndiyo dawa tunayoambiwa ilifanya kazi? Karibu wiki saba baada ya kuuawa kwa Kingara na Oulu, usiku wa kuamkia tarehe 21 Aprili 2009, watu 29 walichinjwa Mathira, karibu na Karatina, katika mauaji yaliyodaiwa kuwa kisasi cha Mungiki kwa wanakijiji waliokuwa wakiwasaka wafuasi wake. Karibu miaka miwili ya maiti za Ngong ilikuwa imeshapita. Wanakijiji wale waliaminishwa kwamba kuua washukiwa ni halali, wakaua, nao wakauawa, na serikali iliyowaonyesha njia haikuwepo usiku ule kuwalinda.

Najua jibu linalongoja: mbona basi Mungiki haitikisi tena kama zamani? Kwa maoni yangu kundi lilidhoofika kwa sababu kadhaa zilizokutana. Uongozi wake ulitafuta kanisa na siasa, mashtaka ya The Hague yaliwatia hofu waliozoea kukodi vijana, na mwaka 2010 ikaja katiba mpya pamoja na sheria ya kuzuia uhalifu wa kupangwa. Kubwa kuliko hayo, kuanzia 2011 matatu zilitakiwa kujiunga na sacco au kampuni. Ada ikapata mlango rasmi. Kuna sacco zilizosafisha ruti zao kweli, zikaweka vitabu vya hesabu na kuwalipa vijana mishahara, na hizo zinastahili sifa. Kwingine mtoza ushuru alivaa kizibao chenye nembo akaendelea na kazi yake. Popote ruti ilipopangwa vizuri genge lilikosa chakula, na hakuna aliyehitaji kufa.

Kama risasi ingekuwa dawa, makundi yangepungua. Mwaka 2002 serikali ilipiga marufuku makundi 18. Mwaka 2010 ilipiga marufuku 33. Desemba 2016 gazeti rasmi la serikali likachapisha majina 90. Kati ya orodha ya kwanza na ya mwisho polisi waliua vijana kila mwaka, na Bunge likaunda mamlaka ya kuwasimamia polisi hao mwaka 2011 kwa sababu mauaji yalikuwa yamezidi. Wanaosifu mkono wa chuma watueleze namba hizi zilipanda kwa nini.

Na wakodishaji hawajaacha. Juni 2025, katikati ya Nairobi, vijana wenye rungu na mijeledi walifika kwa pikipiki na kuwashambulia waandamanaji waliokuwa wakidai haki kwa kifo cha mwalimu kijana aliyefia mikononi mwa polisi. Kamera zilionyesha polisi wakiwa karibu nao. Yeyote aliyemuona Njoya akipigwa mwaka 1999 aliitambua kazi ile mara moja. Vijana wamebadilika, wengine hata hawakuwa wamezaliwa wakati ule, ila kazi ni ileile na mlipaji bado hatajwi.

Ninayoyadai hayahitaji miujiza. Serikali za kaunti zitangaze ada ya kila steji, ibandikwe ukutani, ilipwe kwa simu na ionekane kwenye bajeti. Maji na umeme wa mabanda uuzwe na kampuni zenyewe kwa bei ya wengine, kwa sababu mkazi wa Mathare tayari analipa, tena zaidi ya mkazi wa Kileleshwa. Mauaji ya 2007 hadi 2009 yafunguliwe upya, familia zijue nani alifyatua na nani aliamuru. Na siku kijana wa kukodiwa akikamatwa na rungu, afikishwe kizimbani pamoja na aliyemlipa, la sivyo kesi hiyo itakuwa ya kumfunga mtumwa na kumwacha bwana.

Uchaguzi wa 2027 unakuja, na ahadi za kumaliza magenge zitakuwa nyingi. Msomaji, mgombea akisimama mtaani kwako kuahidi kwamba atawafyeka wahuni, muulize mbele ya watu: nani anakusanya pesa kwenye steji ya hapa, zinakwenda wapi, na nani amewalipa vijana hawa waliokuja nawe leo? Asipojibu yote matatu, usimpe kura yako.